Bastola ya Kupondea Ugoro

Kwanza niseme hili, ili usije ukanikatiza katikati: mimi Hared Billow sijawahi kumrudishia mtu kitu chake kikiwa kibovu. Niletee kufuli uniambie unataka kujua tu ilitengenezwa nchi gani. Nitakutajia nchi, na utaondoka nayo inafunga na kufunguka. Niletee stovu nikukadirie bei, itarudi kwako inawaka. Nilifunzwa hivyo na sajenti wa karakana ya silaha tulipokuwa Keya, jeshi la Mwingereza, kule Burma, mzungu mkali kama pilipili kichaa, aliyekuwa akisema kitu kilichofika mezani kwa fundi hakitoki kikichechemea. Mji mzima wa Meru ulinisifu kwa tabia hiyo. Basi tabia hiyo hiyo ndiyo nusura imnyongeshe mtu.

Mtu mwenyewe aliitwa Misheck Mbogo, mkulima wa mtama na kunde upande wa Ishiara, kule chini kwenye joto. Sikuwa namjua wala yeye hakunijua. Mwaka ulikuwa wa hamsini na nne, Hali ya Hatari imepamba moto, na sheria ilikuwa fupi kuliko kidole: ukikutwa na bunduki bila kibali, kitanzi. Mambo ya sikujua, sikukusudia, hayakusikilizwa. Kwa hiyo kesi ya Misheck ilikuwa na swali moja tu. Hicho alichokutwa nacho ni bunduki, au si bunduki? Ikiwa ni bunduki, ananyongwa. Ikiwa siyo, anarudi kwa mkewe. Na jibu la swali hilo, Mungu ana mambo yake, likaletwa kwangu ndani ya gunia la chumvi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Inspekta mzungu wa polisi kutoka Embu aliingia dukani akiinamisha kichwa, maana mlango wangu ni mfupi. Nyuma yake alikuwa Koplo Bundi, Mmeru ninayemfahamu kwa sababu baiskeli yake nilishaitengeneza mara tatu.

"Wewe ndio Msomali ya bunduki?" Inspekta akauliza, kwa Kiswahili chao kile.

"Nilikuwa, bwana. Siku hizi ni kufuli na cherehani."

"Mtu ya Nairobi ya kupima bunduki iko na kazi mingi. Kesi ni Jumatatu, Embu. Mimi nataka jua vitu mbili tu. Hii ni nini? Na inaweza kupiga?"

Akamwaga gunia mezani. Nilitazama nikadhani wamekosea gunia. Kilikuwa kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, urefu wa kiganja na nusu, upande mmoja una mti uliong'aa kwa kushikwa na watu, na kitako cha huo mti kimepondekapondeka na kulika kikawa bapa. Nikakigeuza huku na huku, sijui nikishike wapi.

"Fundi, unajilenga mwenyewe," Koplo Bundi akaniambia. "Huko ndiko mbele."

Nikakigeuza kwa hasira. "Kilipatikana wapi hiki?"

"Nyumbani kwake, ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi. Yeye anasema alirithi kwa babu yake. Homugadi, wale walinzi wa kijiji waliomshika, wanasema alinunua kwa askari mtoro. Jirani anasema kila siku kilikuwa kinaonekana hapo nje, hakijafichwa hata kidogo. Mimi mwenyewe sijui nishike lipi niache lipi."

"Na mwenyewe anasema kilikuwa cha kazi gani?"

Inspekta akadakia kabla Bundi hajajibu. "Mimi hapana uliza yeye anasema nini. Wewe uliza hiyo chuma."

Akanipa karatasi yenye muhuri. Bundi akanisomea: naruhusiwa kukaa na hicho kitu hadi Ijumaa, nikitazame, niandike nilichokiona. Kukitazama. Neno lilikuwa hilo, na nililisikia kwa masikio yangu mawili. Nikatia sahihi.

Walipoondoka nilijaribu kuinua nyundo yake. Haikuinuka. Nikavuta kifyatuo, hakikutikisika. Kile kigurudumu cha kuwekea risasi kilikuwa kimeshikana na mwili kama jino na ufizi. Laiti ningekuwa mtu wa akili, ningeandika mistari miwili, chuma kibovu, hakipigi, nikaenda zangu kuswali adhuhuri.

Mke wangu Dhahabo alinishauri hivyo hivyo. Alikuja na chai, akakitazama bila kukigusa. "Baba Ambaro, hicho si kimeshakufa?"

"Kimekufa. Lakini sijui marehemu ni nani."

"Umeulizwa kinapiga au hakipigi. Hakipigi. Andika."

"Nimeulizwa pia ni nini."

"Andika hujui."

Hapo ndipo aliponichoma. Miaka sita karakanani, nimezifungua bunduki za Mwingereza, za Mtaliano na za Mjapani, halafu niandike sijui? Inspekta akawasomee wenzake kule Embu kwamba yule Msomali wa Meru hajui? Nikamwambia Mama Ambaro arudi jikoni kwake, nami nikakitumbukiza kile kitu, mti wake ukibaki juu, ndani ya kopo la mafuta ya taa.

Jumatano asubuhi kutu ilikuwa imelegea. Nikakifunga kwenye jiliwa, kikabanwa sawasawa, nikaanza kukwangua polepole, na kigurudumu kikajitokeza, kina mashimo sita. Yote sita yalikuwa yamezibwa kwa nta. Nikachokoa shimo moja kwa waya, na chini ya nta nikakuta unga mweusi, laini, umeshindiliwa ukashikamana.

Mwili ulinisisimka. Sajenti wangu alikuwa ametufundisha kwamba bastola za kale hazikutumia risasi kama hizi zetu. Ulimimina baruti kwa mbele, ukatia gololi, ukaziba kwa nta isilowe. Kumbe kitu kimejaa! Kimelala mezani kwangu usiku kucha kimejaa, na taa ya kandili inawaka hapo hapo. Nikamwita Dhahabo, nikamwambia awachukue watoto wote aende kwa jirani. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia asiniulize.

Nikaleta ndoo ya maji. Nikachokoa lile shimo la kwanza, la pili, la tatu, unga wote nikiuangushia majini usije ukashika cheche. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Nikasema ni kutu hii. Nilipofika shimo la sita nilikuwa nimechoka kwa chafya, na zaidi ya kuchoka nilikuwa sielewi. Gololi ziko wapi? Hakuna hata moja. Nani anashindilia baruti mara sita bila gololi? Anataka kumuua nani kwa moshi?

Nikakigeuza nyuma, na huko nikazidi kupotea. Kila shimo lilikuwa na mfereji mdogo ukingoni. Mfereji ule naujua: ni wa bastola za pini, zile ambazo risasi yake ina kijimsumari ubavuni, nyundo inashuka inakigonga kijimsumari, risasi inalipuka. Bastola ya pini hutiwa risasi kwa nyuma. Baruti kwa mbele haihitaji kabisa. Sasa mbele inaniambia hivi na nyuma inaniambia vile, ni kama kusikiliza mashahidi wa Koplo Bundi. Nilikaa kwenye kigoda nikakitazama muda mrefu. Mwisho nikasema labda babu wa huyo mtu hakujua kukitumia. Nikaichukua ile ndoo nikaimwaga mtaroni.

Mchana nikapata herufi. Zilikuwa chini ya kutu, kwenye kigurudumu: E, L na G ndani ya duara lenye umbo la yai, muhuri wa wakaguzi wa bunduki nilioufahamu tangu karakanani. Ubelgiji. Basi nikamjua marehemu wangu kwa jina na ukoo. Bastola ya pini ya Ubelgiji, umri wake umempita baba yangu, za aina ile walizokuwa wakitembea nazo watu wa misafara ya pembe za ndovu. Risasi zake sijaona duka linaloziuza tangu nizaliwe. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilifurahi kama mtu aliyempata ndugu yake sokoni, na huyo Misheck wala hakunijia akilini.

Kazi ya kutazama ilikuwa imekwisha hapo. Lakini nilishaufungua ubavu wake kwa bisibisi, na ndani nikaona springi ya nyundo imekatika vipande viwili. Ilikatika zamani, maana hata pale ilipokatikia pana kutu nene. Nikajiambia: Hared, utaandikaje habari za nyundo ambayo hujaiona ikishuka? Weka kipande kwa majaribio tu, tazama, andika vizuri, kisha ukitoe. Nilikuwa na springi ya gramafoni iliyoharibika. Nikaikata, nikaipiga tupa, nikaikunja. Alhamisi kabla ya adhuhuri nikaipachika, nikatia mafuta, nikainua nyundo. Ikainuka. Nikavuta. Ka-cha. Kigurudumu kikasogea shimo moja, kikasimama sawasawa mahali pake. Nikavuta tena na tena, mara sita, kila shimo lilikuja lilipotakiwa, na mimi nikicheka peke yangu.

Dhahabo alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Ambaro," akasema, "ilipoletwa ilikuwa inalia hivyo?"

"Haikuwa inalia."

"Na wewe umeulizwa inapiga au haipigi. Sasa utaandika nini?"

Nikaiweka bastola mezani. Nikiandika inapiga, ni kweli, yeyote akiivuta ataisikia. Nikiandika haipigi, nitakuwa mwongo mbele ya serikali, ingawa ni kweli vile vile, maana juzi haikupiga. Nikiandika yote mawili watasema Msomali amekula miraa nyingi. Na tangu Jumanne ndipo kwa mara ya kwanza nikamfikiria yule mtu aliye rumande Embu, anayengoja kusikia chuma chake ni chuma au ni bunduki. Nikaogopa. Nikachukua bisibisi haraka niitoe ile springi, nirudishe vile vipande vya kutu, nitubu kwa Mwenyezi Mungu, yaishe.

Koplo Bundi akaingia.

"Leo Alhamisi," nikamwambia. "Karatasi inasema Ijumaa."

"Kesho barabara ya Chuka inafungwa, kuna operesheni. Inspekta anaitaka leo." Akaichukua mezani kabla sijanyoosha mkono, akainua nyundo, akavuta. Ka-cha. Akaguna. "Ehe. Inspekta atafurahi."

"Ngoja, Koplo. Sijamaliza."

"Imemalizika, fundi. Mimi mwenyewe nimesikia."

"Bundi, ulipoileta ilikuwa hivi?"

Akanitazama kidogo. "Mimi nilibeba gunia. Sikuijaribu. Kwani wewe umeifanya nini?" Kisha akaniinamia, sauti chini. "Kutengeneza bunduki bila leseni ni kesi kubwa, mzee. Usinitanie na mambo hayo."

Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, nina mke na watoto wanne. Akairudisha kwenye gunia lake, akaniambia Jumatatu nifike Embu nikaseme nilichokiona, akaenda.

Jumapili nilipanda lori la binamu yangu Ogle, anayechukua vitunguu na mahindi kati ya Meru na Embu. Njia nzima kila kizuizi askari wanawashusha Wameru na Waembu, wanawadai vipande vyao vya utambulisho, sisi Wasomali tunaambiwa piteni. Nilimsimulia Ogle yote. Yeye ni mtu wa maneno machache.

"Inapiga?" akauliza.

"Inapiga."

"Basi sema inapiga. Utakuwa umesema ukweli."

"Ukweli wa Alhamisi, Ogle. Yule bwana alishikwa mwezi uliopita."

"Mimi naendesha lori," Ogle akasema. "Hayo mengine waulize masheikh."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nje ya mahakama na watu wengi. Mwanamke mmoja alinijia, amefunga kitambaa kichwani, miguu imejaa vumbi la njia ndefu. Alisimama mbali kidogo kwa heshima.

"Mzee, wewe ndiye ulipewa ile kitu uangalie?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi ni Wawira, bibi ya Misheck." Akanikaribia. "Uliona ugoro?"

"Ugoro gani, mama?"

"Ile ya kwa mashimo." Akanieleza kwa haraka, Kiswahili chake kikikanyagana, mimi nikimsikiliza. Babu wa mumewe alikipata hicho chuma kwa watu wa pembe. Hakikupiga hata siku moja, kilifika kwake kikiwa kimekufa. Kile kitako alikifanya mchi wa kupondea tumbaku. Yale mashimo sita aliyatia ugoro, akaziba kwa nta ya nyuki usipoteze ukali, na wazee wakija kumsalimu anamfungulia kila mmoja shimo lake. Baba mkwe alifanya hivyo, na Misheck naye akafanya hivyo. "Wakili amesema tutulie," Wawira akasema. "Amesema yule fundi atakuta ugoro, na mtu wa kupiga watu bunduki hawezi kutia ugoro ndani. Amesema hiyo ugoro inajua kutetea kuliko yeye."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kwetu hakuna anayenusa ugoro. Baba yangu hakunusa, mimi sinusi, ningeletewa gunia zima la ugoro nisingelitambua. Fundi mwingine yeyote wa Meru, awe Mmeru, awe Mwembu, angefungua shimo moja tu, angecheka, angejinusia kidogo na kuandika mchi. Mimi nikautia majini. Ule utetezi wote wa mtu niliupigia chafya na kuumwaga mtaroni.

"Uliona?" akaniuliza tena.

"Nitasema nilichokiona, mama," nikamjibu. Sikuweza kumtazama.

Ndani, Misheck Mbogo alikuwa kizimbani. Mtu mrefu, mwembamba, koti limemkaa bega upande. Jaji yuko juu, chini yake wameketi wazee watatu wa kumshauri, na karani mmoja anayegeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiembu. Mimi nikaapishwa kwa Kurani. Bastola ilikuwa mezani, safi, inang'aa. Niliipaka mafuta mwenyewe.

Wakili wa serikali akaniuliza ni nini. Nikamwambia: bastola ya pini, ya Ubelgiji, ya zamani. Akauliza inafanya kazi? Nikasema inafanya. Akaiinua, akaivuta mbele ya wazee. Ka-cha. Mmoja wao akarudi nyuma kwenye kiti.

Kisha akasimama wakili wa Misheck, Mhindi mzee mwenye miwani, uso wake umejaa matumaini. "Fundi, ndani ya yale mashimo ulikuta kitu?"

"Nilikuta, bwana."

"Waambie wazee ulikuta nini."

"Unga mweusi, umezibwa kwa nta."

Akatabasamu. "Na huo unga uko wapi?"

"Niliumwaga."

Tabasamu likaondoka. "Uliumwaga kwa nini?"

Nikasema ukweli, maana nilikuwa nimeapa. "Nilidhani ni baruti."

Watu wakaguna chumba kizima. Wakili wa serikali akaandika upesi, na karani akageuza neno baruti kwa Kiembu kwa sauti kubwa. Nikamwona Wawira kule nyuma amejifunika mdomo kwa kitambaa. Nikataka kusema hapana, ilikuwa ugoro, lakini ningejuaje? Niliunusa mimi? Niliambiwa na mke wa mshtakiwa uani nusu saa iliyopita. Kila nilichokijua hakikuwa na faida na kila nilichokifanya kilikuwa kitanzi. Wakili wa Misheck akaketi polepole.

"Asante, fundi," wakili wa serikali akasema. "Unaweza kushuka."

Sikushuka. Miguu ilitaka kushuka, ndiyo, na moyo pia. Nilimfikiria Dhahabo, nikawafikiria wanangu. Nikamtazama Misheck, naye alikuwa akimtazama karani tu, akingoja aambiwe.

"Naomba bisibisi," nikasema.

Jaji akauliza shahidi anataka nini. Nikarudia: naomba bisibisi, kuna kitu kipya ndani ya kitu cha kale. Wakatazamana. Koplo Bundi, aliyekuwa mlangoni, alikuwa nayo kwenye mkoba wa baiskeli, akaileta bila kunitazama. Nikaufungua ubavu wa bastola, nikachomoa springi, nikaiweka mezani.

"Hii ni ya gramafoni," nikasema. "Tazameni rangi yake, haina kutu. Hapa ni alama za tupa yangu. Ile ya asili ilikatika kabla mshtakiwa hajazaliwa, vipande vyake viko dukani kwangu, mtu akavichukue. Alhamisi niliipachika hii kwa mkono wangu." Nikaishika bastola, nikavuta kifyatuo. Nyundo ilibaki imelala. Nikavuta tena, kimya.

Hapo wakaanza kubishana kwa Kiingereza, mawakili wote wawili kwa pamoja, na jaji akigonga meza. Karani alishindwa kuwafuata akaacha kugeuza. Wazee watatu walikuwa wakipokezana ile springi, wakaikunja, wakaiachia. Mmoja akakigeuza kitako cha bastola, akapitisha kidole pale kilipolika, kisha akanusa kidole chake. Akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake naye akanusa.

Jaji akanigeukia, akasema na karani akageuza: "Anasema hulazimiki kujibu swali hili, maana jibu laweza kukushtaki wewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Anauliza: siku ya kwanza ambayo chuma hiki kiliweza kupiga, kilikuwa mikononi mwa nani?"

Ningeweza kunyamaza. Alinipa ruhusa ya kunyamaza, jaji mwenyewe, na mpaka leo kuna watu wananiuliza kwa nini sikuichukua. Sijui niwajibu nini. Nilikasirika tu, nadhani. Nilijikasirikia.

"Mikononi mwangu," nikasema.

Wazee hawakuchukua muda. Wote watatu walisema huyu hakuwa na bunduki, alikuwa na mchi. Jaji akasema maneno mengi ambayo karani aliyafupisha kwa Kiembu kuwa neno moja au mawili, na Misheck akashikilia ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili. Wawira akalia kwa sauti. Inspekta akainuka, uso mwekundu, akamnyooshea kidole Koplo Bundi, kisha akaninyooshea mimi.

Bundi akamfungua Misheck pingu, akaja nazo kwangu. Hakukuwa na nyingine. Alinifunga mkono wa kulia, halafu wa kushoto, taratibu, akiniomba radhi kwa Kimeru, lugha ambayo sikuijua vizuri. Zilikuwa bado na joto la mikono ya yule bwana. Tukatoka kwa mlango ule ule, wao mbele, sisi nyuma, na pale ngazini umati ukatubana tukasimama bega kwa bega, mimi na Misheck Mbogo, mara ya kwanza na ya mwisho.

Akaniangalia. Aliona mzee wa Kisomali, kofia imekaa upande, pingu mikononi. Alinijua kama shahidi aliyesema baruti; yaliyofuata karani hakumgeuzia, alijua tu kwamba ameachiliwa. Akamuuliza Koplo, kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Na huyu mzee amefanya nini?"

Bundi akanitazama, akatazama chini.

"Amepatikana na bastola," akasema.

Wawira alikuwa akigeuka kuja upande wangu, mdomo wazi, ana la kusema. Misheck akamkamata mkono, akamvuta haraka, akamsogeza mbali nami.